Mtoto Aliyeasiliwa Kutoka Ng'ambo: Mwongozo kwa Wazazi Walio Kazini

Mwongozo huu ni kwa familia za Waswahili zinazoishi na kufanya kazi Marekani, ambazo zimemwasili mtoto kutoka Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo na zinasubiri kumpokea, au zimeshampokea na sasa hazilali. Wengi wao wamemchukua mtoto wa ndugu: kaka au dada amefariki, na bibi aliyeachiwa mjukuu amezeeka. Wengine wamemchukua mtoto wa makao. Namna ya kupata amri ya mahakama na viza haimo humu, isipokuwa pale inapogusa maisha ya nyumbani. Walimu, wauguzi na wakalimani wanaofanya kazi na familia hizi nao watapata la kuchukua.

Msisitizo wetu ni mmoja. Miezi ya kwanza, dunia ya mtoto iwe ndogo: nyumba moja, watu wachache, ratiba isiyoyumba, na mikono ileile inayomlisha, inayomwogesha na inayomlaza. Ushauri huu hauingii kirahisi katika desturi yetu, ambamo mtoto ni wa ukoo mzima na mgeni hazuiwi mlangoni. Ndiyo maana sehemu inayohusu wageni ni ndefu kuliko nyingine.

Mzazi pia ajue kwamba huenda yeye ndiye atakayewafundisha wengine. Mwaka 2004 watoto karibu 23,000 waliingia Marekani kwa njia ya kuasiliwa. Mwaka 2023 walikuwa 1,275. Daktari wa mtaani na mwalimu wa shule iliyo jirani huenda hawajawahi kukutana na mtoto wa namna hii.

Kazini kwanza

Maandalizi yaanze kwa mwajiri, kabla hata ya kununua kitanda. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 kuhusu likizo ya familia na matibabu inampa mfanyakazi hadi wiki 12 za likizo bila mshahara anapompokea mtoto aliyemwasili. Nafasi yake inalindwa na bima ya afya inaendelea. Lakini lazima awe amefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12, awe ametimiza saa 1,250 katika miezi 12 iliyotangulia, na mwajiri awe na wafanyakazi wasiopungua 50 ndani ya maili 75.

Hapa ndipo wabeba boksi wengi wanapokwama. Mtu anayehudumia wazee katika nyumba mbili tofauti, saa 20 kwa wiki huku na 20 kule, anachoka kama mwenye kazi kamili, ila kwa kila mwajiri amefikisha saa 1,040 tu kwa mwaka. Hana haki hiyo popote. Aliye na kesi ya mtoto njiani ahesabu saa zake mapema na, inapowezekana, azihamishie kwa mwajiri mmoja mwaka mzima kabla mtoto hajafika.

Siku za kusafiri kwenda mahakamani au ubalozini zinaweza kuhesabiwa ndani ya wiki hizo 12, kwa hiyo safari ndefu hula likizo ya nyumbani. Mume na mke walioajiriwa na mwajiri mmoja hugawana wiki 12, hawapati 12 kila mmoja. Likizo yote iwe imekwisha ndani ya miezi 12 tangu mtoto alipokabidhiwa kwenu, na kuichukua vipandevipande, kwa mfano siku mbili kila wiki, kunahitaji ridhaa ya mwajiri. Baadhi ya majimbo yana likizo ya kulipwa juu ya hiyo: California, New York, Washington, Massachusetts na Colorado ni miongoni mwao, na Minnesota ilianza kulipa tarehe 1 Januari 2026. Mwulize mwajiri, halafu soma mwenyewe kwenye tovuti ya jimbo. Si kila afisa wa rasilimali watu anayejua kwamba mtoto wa kuasili anahesabika sawa na mtoto mchanga.

Wazazi wawili wenye likizo kwa waajiri tofauti wakae pamoja wiki mbili au tatu za kwanza, kisha wapokezane. Kwa mpango huo mtoto anaweza kukaa miezi minne hivi au zaidi kabla ya kupelekwa kwa mlezi wa nje. Anayefanya shifti ya usiku aombe kuhamishiwa mchana, hata kama atapoteza nyongeza ya malipo ya usiku. Mtoto aliyelazwa na mama, akaamka akamkuta jirani jikoni, hulala kwa wasiwasi usiku unaofuata, na nyongeza ile mtailipa kwa njia nyingine.

Bima ina tarehe yake. Bima ya kazini kwa kawaida hutoa siku 30 tu za kumwongeza mtoto tangu siku ya kuasiliwa au kukabidhiwa. Zikipita, utangoja dirisha la mwaka. Kuhusu kodi, nafuu ya serikali kuu kwa gharama za kuasili ilifikia dola 17,280 kwa mwaka 2025, na kwa mtoto wa nje ya nchi hudaiwa baada ya uasili kukamilika. Weka risiti zote, pamoja na za wakili na za ndege.

Usiku wa kwanza na sahani ya kwanza

Wakati wa baridi Minneapolis iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tisa. Saa nane usiku mtoto ameketi kitandani, macho makavu, kwa sababu mwilini mwake ni saa tano asubuhi na tumbo linadai chakula. Kumwamuru alale hakumsaidii. Washa taa ndogo, mpashie uji, ongea naye kwa sauti ya chini, mrudishe kitandani bila michezo na bila televisheni. Asubuhi akae dirishani penye mwanga hata kama nje ni theluji tupu. Kwa kawaida wiki moja hadi mbili zinatosha mwili kuhama majira.

Chumba chake peke yake, chenye mapazia mapya na kitanda chenye umbo la gari, huwafurahisha wakubwa. Mtoto aliyelala mkekani na binamu watatu, au katika bweni la makao, anakiona kuwa mahali pa upweke. Akishuka na kujilaza sakafuni, mwekee godoro hapohapo. Ni bora kitanda chake kiwe katika chumba cha wazazi kwa miezi ya mwanzo, kisha kisogezwe taratibu. Wanaofanya tathmini ya nyumba kabla ya kuasili hutaka awe na kitanda chake mwenyewe. Waulizeni mapema wanakubali kiwe wapi.

Chakula kinahitaji subira zaidi. Mtoto aliyewahi kulala njaa hula mpaka atapike, au huficha chapati chini ya mto, vipande vya nyama mfukoni, ndizi nyuma ya kabati ambako utazigundua kwa harufu. Huo si wizi. Mwekee bakuli la matunda na mkate mezani, ajue kwamba ni lake na halifungiwi, halafu lijazwe kila linapopungua bila maelezo. Miezi michache baadaye kuficha hupungua penyewe. Akikataa vyakula vya kigeni, msilumbane. Wali, maharage, ndizi, mchicha na ugali vinapatikana katika maduka ya Kiafrika ya miji mingi, na hakuna sababu ya mtoto kujifunza jibini na nchi mpya kwa wiki moja. Maziwa yakimvuruga tumbo mwambie daktari, kwani wengi wa watoto wetu wanapokua huanza kushindwa kumeng'enya maziwa mabichi. Maziwa ya mgando huwakubali zaidi.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulisifu na mzazi makini hulitilia shaka: mtoto asiyelia. Anaanguka kwenye barafu, anainuka, anajifuta goti, anaendelea. Katika makao yenye walezi wawili kwa watoto thelathini, kulia hakuleti mtu, na mtoto hujifunza kuacha. Siku atakapoanza kulia na kukutafuta wewe, hata kwa jambo dogo la kuudhi, kuna kitu kimeanza kujengeka. Mfuate, mchukue, na neno "nyamaza" liwekwe kando.

Mikono ileile

Habari ikienea kwamba mtoto amefika, simu hazitakatika. Shangazi yuko njiani kutoka Ohio na sinia la pilau, kinamama wa kanisa wanataka kuja kuomba, kundi la ukoo kwenye WhatsApp linadai picha, na kuna mjomba aliyeshakata tiketi kutoka Houston. Kila mmoja atataka kumbeba, kumlisha kipande kidogo, kumpa peremende. Yote hayo ni mapenzi. Kwa mtoto huyu, hata hivyo, ni msururu wa nyuso mpya katika mwaka ambao ameshabadilishiwa walezi mara kadhaa.

Atakapomwendea kila mgeni, akakaa mapajani mwake na kumkumbatia wakati wa kuaga, watu watasema ni mchangamfu. Mzazi asichukulie hivyo haraka. Utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 ulifuatilia watoto 136 waliokuwa katika vituo vya Romania. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwa familia za malezi. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili hivi walijenga uhusiano imara zaidi na walezi wao kuliko waliochelewa. Tabia ya kumkimbilia mtu yeyote ilikuwa miongoni mwa zile zilizong'ang'ania hata baada ya mtoto kupata nyumba. Anayemwendea kila mtu bado hajajua nani ni wake.

Wazee wetu watapinga: mbona sisi tulilelewa na kijiji kizima na hatukuharibika? Hoja hiyo ina jibu, na jibu lenyewe limetoka kwetu kwenyewe. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga 28. Nyumba zilijaa bibi, shangazi, dada na majirani, na mtoto alipita mikono mingi. Ndani ya wingi huo watoto wengi walimjua mama. Walitambaa kwenda kuchungulia mambo, wakageuka kumtazama, wakarudi kwake walipoogopa. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kuhusu watoto hao ni mojawapo ya misingi ya elimu yote ya leo kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi. Kijiji kilikuwa salama kwa mtoto kwa sababu alikuwa na pa kurudi. Mtoto aliyeshushwa uwanja wa ndege juzi hana pa kurudi bado, na kijiji kikimzunguka mapema mno atashindwa kupapata.

Kwa hiyo weka utaratibu, na uutangaze kabla ya tiketi kukatwa. Kwa miezi mitatu ya kwanza, na zaidi kwa mtoto aliyekaa makao muda mrefu, wazazi peke yao ndio wanaompa chakula, wanaomwogesha, wanaomlaza na wanaomfariji akiumia. Mgeni akaribishwe kwa muda mfupi, wachache kwa wakati mmoja, na amsalimie mtoto kwa mkono au kwa kupunga, si kwa kumbeba. Mtoto akimwomba mgeni chakula, mgeni amwelekeze kwa mama au baba. Sherehe ya kumkaribisha isubiri. Picha zisitumwe kundini kila siku.

Ndugu wakizuiwa tu wataona wamedharauliwa, na watakuwa na haki. Wapeni kazi. Shangazi apike na kuleta sufuria, kisha akae na mama wakati mtoto amelala. Mjomba awapeleke watoto wakubwa mpirani. Bibi aliyekuja kutoka Tanga kukaa miezi miwili ndiye mgumu kuliko wote, kwani amelea watoto saba na hajawahi kuambiwa asimlishe mjukuu. Zungumza naye kwa heshima kabla hajapanda ndege, na aliyemzaa ndiye azungumze, asiachiwe mkwe kazi hiyo. Mwombe aendeshe jiko na amsimulie mtoto hadithi jioni, akiwa ameketi kando ya mama. Wengi huelewa wakipewa sababu. Asiyeelewa, mzazi asimamie msimamo wake hata kama maneno yatafika mpaka Tanga.

Mzunguko upanuliwe kidogo kidogo mara mtoto anapoonyesha dalili: anakutafuta kwa macho mahali penye watu wengi, anakuletea kidonda chake akuonyeshe, anakasirika unapoondoka na kutulia unaporudi. Kabla ya dalili hizo, kituo cha kulelea watoto kitampokea bila kelele, na mzazi atadhani amezoea. Wakati wa kurudi kazini ukifika, aanze na saa moja kituoni mkiwa pamoja, kisha saa mbili bila wewe, na mlezi awe mmoja anayefahamika kwa jina. Wakati wa kuaga umwambie utarudi lini, kwa kipimo anachokielewa: baada ya chakula cha mchana, baada ya kulala. Usitoroke akiwa amegeuka.

Watoto wa nyumbani

Katika nyumba nyingi, mtoto mpya anawakuta watoto waliozaliwa hapa. Wanaongea Kiingereza, wanaelewa Kiswahili cha kuagizwa chumvi, na wamesubiri "mdogo wetu" kwa hamu. Wiki ya pili hamu inaisha. Mdogo ameharibu tableti, anakula sehemu ya kila mtu, na mama hana muda na mwingine yeyote. Mpe kila mtoto nusu saa yake peke yake kila siku, mlango ukiwa umefungwa, hata kama vyombo havijaoshwa. Msimfanye dada mkubwa kuwa yaya au mkalimani. Akiamua mwenyewe kumfundisha mdogo kuendesha baiskeli, mwacheni.

Mtoto wa umri mkubwa akija juu ya kifungua mimba wenu, anapindua cheo cha nyumba nzima. Jambo hilo lijadiliwe kabla, na wakubwa wajue nani analala wapi na nani anaamua nini. Msimamizi wa mpango wa kuasili akishauri mtoto mpya awe mdogo kuliko wote, ana sababu nzuri.

Kiswahili ni nafasi ambayo familia nyingine zilizoasili hazina: mtoto anafika akielewa unachosema. Msiipoteze. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 8. Hawakuweza kukitambua Kikorea kati ya lugha nyingine wasizozijua, ingawa waliwahi kukizungumza. Lugha ya utotoni isipotumiwa huyeyuka. Watoto wa nyumbani wakimsemesha Kiingereza tu, na wazazi wakiwafuata, Kiswahili cha mtoto wa miaka minne kinaweza kufifia kabla Kiingereza hakijatosha kueleza maumivu ya sikio. Wazazi waendelee na Kiswahili bila kuchoka. Kiingereza atakipata shuleni, hilo lisiwape hofu. Mtoto wa Bukavu anaposema "niko na njala", asichekwe wala asisahihishwe kila mara kwa Kiswahili cha Dar. Apewe chakula kwanza.

Nani anaitwa mama

Mtoto wa ndugu amekuita mama mdogo au shangazi tangu alipokujua kwa simu. Msimlazimishe kubadili. Wengine huanza wenyewe kusema mama baada ya mwaka, wengine hawabadili kamwe na wanapendana vizuri tu. Marehemu mama yake atajwe kwa jina, picha yake iwekwe mahali ambapo mtoto anaifikia kwa mkono. Siku za kupiga simu kwa bibi aliyebaki ziwe maalumu, kwa mfano kila Jumapili. Baada ya simu mtoto anaweza kuchafuka, akakojoa kitandani au akakataa kula. Hiyo ni huzuni, na kukata simu hakuiondoi.

Familia za Kiislamu zina suala jingine. Uislamu unahimiza kulea yatima lakini hauruhusu nasaba yake ifutwe, kwa hiyo mtoto hubaki na jina la baba yake, na mambo ya mirathi na ya umahramu huhitaji maelezo ya shehe kabla mtoto hajawa mkubwa. Kumbukeni pia kwamba kafala, yaani malezi ya Kiislamu yasiyobadili nasaba, peke yake haitambuliwi na sheria ya uhamiaji ya Marekani kuwa ni kuasili. Aliyeambiwa vinginevyo na dalali amwone wakili.

Hospitali

Uchunguzi wa viza kule alikotoka ulikuwa mfupi. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri uchunguzi kamili ndani ya wiki mbili au tatu za kuwasili, na mzazi aende na orodha: damu kwa jumla, homa ya ini aina ya B na C, virusi vya UKIMWI, kaswende, kifua kikuu, choo kwa ajili ya minyoo na vimelea, madini ya risasi, tezi, macho, masikio na meno. Kwa watoto wetu ongeza selimundu. Baadhi ya vipimo hurudiwa baada ya miezi kadhaa, kifua kikuu na homa ya ini vikiwemo, kwa sababu maambukizi ya karibu huenda hayakuonekana mara ya kwanza. Mtoto aliyechanjwa BCG ana kovu kwenye mkono, na kipimo cha ngozi kinaweza kumpotosha daktari. Uliza kipimo cha damu.

Homa yoyote katika miezi ya kwanza, tamka mwenyewe mapokezini: ametoka nchi yenye malaria. Wasingoje kumaliza kufikiria mafua.

Umri ulioandikwa kwenye cheti unaweza kuwa wa kukisia. Msikimbilie kuubadilisha mahakamani. Mtoto aliyedumaa kwa utapiamlo hukua kwa kasi akilishwa, na baada ya mwaka au zaidi meno, urefu na tabia vitasema kweli zaidi. Wasichana walioasiliwa kutoka nje huwahi kubalehe kuliko wenzao mara nyingi, kwa hiyo mama wa binti wa miaka saba aanze mazungumzo hayo mapema, na matiti yakianza kabla ya miaka minane amwone daktari.

Shule na nidhamu

Kwenye fomu ya usajili kuna swali kuhusu lugha ya nyumbani. Wazazi wengi huandika Kiingereza wakiogopa mtoto atatengwa. Andikeni Kiswahili. Swali hilo ndilo linalomfungulia msaada wa kujifunza Kiingereza, na linawapa ninyi haki ya mkalimani kwenye mikutano. Mtoto atazungumza Kiingereza cha uwanjani ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini Kiingereza cha vitabuni huchukua miaka mitano hadi saba, na pengo hilo huwadanganya walimu wakadhani ana tatizo la akili. Kabla ya kukubali apelekwe elimu maalumu, dai apimwe kwa lugha yake. Mwalimu aambiwe pia mapema kuhusu kazi za kuchora mti wa ukoo au kuleta picha ya uchanga, ili zipatiwe njia nyingine.

Fimbo iachwe kabisa. Familia nyingi zilitia saini ahadi hiyo wakati wa tathmini ya nyumba, na alama moja mgongoni shuleni huleta maafisa wa ulinzi wa mtoto mlangoni. Sababu ya msingi ni kwamba mtoto aliyewahi kupigwa na watu aliowategemea hajifunzi kosa lake kwa fimbo. Anajifunza kwamba na hapa ni kulekule. Kumfungia chumbani peke yake ajifikirie nako hakumfai, maana kutengwa ndicho anachokiogopa zaidi. Mketishe karibu nawe, jikoni unapokata vitunguu, mpaka nyote mtulie. Kisha arekebishe alichoharibu, hata kwa kuokota vipande viwili vya kikombe.

Faili la mtoto

Msimwambie mtoto kwa uhakika jambo ambalo mmelisoma tu kwenye faili. Mwezi Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili na wakili mmoja wa Uganda kwa kuhusika na mpango wa udanganyifu ambamo watoto waliokuwa na wazazi hai waliondolewa kwao na kutolewa kwa familia za Kimarekani. Ziko karatasi zilizosema "yatima" kuhusu watoto hao. Andikeni majina ya kila mliyekutana naye, kijiji, mtaa, makao, namba za simu, na mhifadhi picha za mahali alipolala. Mtoto akiuliza, mwambieni mnachokijua na mnachokibahatisha, kila kimoja kwa jina lake.

Uraia usiachwe ujipange wenyewe. Kwa sheria ya mwaka 2000 iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18 anayeingia kwa viza ya IR-3 au IH-3 huwa raia mara anapoingia na kuanza kuishi nchini na wazazi wake raia, na cheti hutumwa. Anayeingia kwa IR-4 au IH-4, kama ilivyo kwa wengi waliokuja na amri ya ulezi tu, hupata kadi ya kijani, na uraia unangoja mahakama ya jimbo ikamilishe uasili. Wapo watu wazima walioletwa kutoka Korea Kusini wakiwa wadogo, ambao wazazi wao hawakumaliza hatua hii, wakafukuzwa nchini wakiwa na watoto wao wenyewe. Ni muhimu pia kujua kwamba aina ya viza hutegemea kama angalau mzazi mmoja alimwona mtoto kabla au wakati wa kesi, hivyo nani asafiri ni swali la wakili kabla ya kuwa swali la likizo. Wazazi ambao bado hawajawa raia wana njia nyingine, na wasijaze fomu yoyote bila ushauri.

Amri ya jimbo ikitoka, jaza fomu N-600 kuomba cheti cha uraia mwezi huohuo, hata kama mtoto ameshapata pasipoti ya Marekani. Pasipoti huisha muda, cheti hakiishi.